Mdudu, kimelea au kirusi: neno lipi liende kwenye bango la afya?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo cha afya. Tulipewa kazi ya kutengeneza bango la elimu ya afya kwa Kiswahili, nami niliandika: "Malaria husababishwa na mbu. Mbu huingiza virusi vya malaria mwilini. Maliza dozi ili mwili usizoee dawa." Mkufunzi amezungushia wino mwekundu sentensi zote tatu, na pembeni ameandika: "Sayansi unaijua, maneno yako ndiyo yanayopotosha." Wenzangu wanasema ningeandika "wadudu wa malaria" kama wagonjwa wenyewe wanavyosema. Mmoja anashikilia kwamba "kirusi" si kiumbe, ni lugha ya Warusi. Naomba unifafanulie maneno haya.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma bango lako mara tatu na ninaungana na mkufunzi wako. Ila nitaanza na wadudu wa wenzako, maana hapo ndipo penye mengi.

Majuzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya maabara ya zahanati moja. Mama mmoja akatoka na cheti mkononi, akampigia mumewe simu: "Wamenikuta na wadudu wawili tu, wala si malaria ya kutisha." Alisema "wawili tu" kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Nilitamani kumwita nimweleze ile 2 ina maana gani, lakini alishashika njia.

Mtaalamu wa maabara hahesabu damu yote. Anaweka tone kwenye kioo, analipaka rangi, kisha chini ya hadubini anahesabu vimelea huku akihesabu na chembe nyeupe za damu mpaka zifike 200. Akiandika 2, ameona vimelea 2 kwa chembe nyeupe 200. Kwa desturi ya maabara hukadiriwa kuwa mikrolita 1 ya damu, yaani kipande cha ujazo wa milimita 1 kila upande, ina chembe nyeupe 8,000. Kwa hiyo vimelea 2 vya kwenye cheti ni vimelea 80 katika kila mikrolita. Mtu mzima ana damu kama lita 5, sawa na mikrolita 5,000,000. Zidisha. Yule mama alikuwa anarudi nyumbani na vimelea vipatavyo 400,000,000, naye akilini ana wadudu wawili kama chawa wawili wa kwenye shati.

Hapo ndipo neno "wadudu" linapoponza. Mdudu ni kitu cha kuhesabika kwa macho, cha kukamatwa na kupondwa. Ukimwambia mtu ana wadudu wawili, atawaona wawili.

Hata hivyo sitaki ulidharau neno hili, maana lina heshima yake. Wazee wetu walisema kidole kilichovimba usaha karibu na ukucha "kimeingia mdudu", na jino lililotoboka "limeliwa na mdudu". Hawakuwa na hadubini, lakini walihisi kwamba nyuma ya maumivu yale kuna kitu chenye uhai. Kule Delft, Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek alijitengenezea lenzi zake, na mwaka 1676 akaandika barua kueleza viumbe alivyoviona kwenye maji. Mwaka 1683 akaeleza vingine alivyovikwangua kwenye meno. Akaviita wanyama wadogo. Sisi tuliposema "vijidudu" tulipita njia ileile: tumemchukua mdudu tukamfanya mdogo.

Kwa hiyo "vijidudu" liache libaki kama mwavuli. Ukitaka watu wanawe mikono kwa sabuni, andika vijidudu, kwani sabuni haiulizi kama ni bakteria au kirusi. Kenya wengi watasema "viini" au "viini vya maradhi", na ni kitu kilekile. Lakini ukishafika kwenye ugonjwa mmoja na dawa yake, mwavuli ufunge. Dawa huenda na aina ya kijidudu. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki, ambazo wengine huziita viuavijasumu, haziui virusi hata umeze kopo zima. Kifua kikuu huletwa na bakteria. Mapunye ya kichwani kwa mtoto ni kuvu, yaani fangasi. Malaria na kichocho ni vimelea. Mgonjwa anayejua neno "wadudu" peke yake ataona dawa moja ya kuua wadudu inatosha kwa yote, na ndiyo maana dirishani kwenye duka la dawa utasikia mtu mwenye mafua akiomba vile vidonge vya rangi mbili.

"Kimelea" ni neno ninalolipenda sana, kwa sababu linajieleza lenyewe. Mmea humea ardhini. Ukimea juu ya mwingine, unaumelea. Mtu wa shamba amekiona kirukia kwenye mwembe wake: kimekaa juu ya tawi, kinanyonya maji ya mwembe, na chenyewe hakina mizizi udongoni. Kimelea cha malaria ndivyo kinavyofanya kwenye ini na kwenye chembe nyekundu za damu. Utakutana na nyaraka za afya zinazosema "vimelea" hata kwa bakteria, kama katika maneno "vimelea vya kipindupindu". Hilo si kosa, maana bakteria naye hukaa juu ya mwingine. Lakini wewe ni mwanafunzi wa mikrobiolojia, na darasani maana finyu itakusaidia zaidi.

Sasa kirusi. Rafiki yako amekosea, ingawa ninaelewa kilichomkwaza. Neno lilikuja kwetu likiwa zima, "virus" ya Kilatini, ambayo huko kwao ilimaanisha sumu. Tukalipa irabu ya mwisho likawa "virusi". Basi sikio la Mswahili likisikia vi- mwanzoni mwa jina linaletewa wingi, na wingi lazima uwe na umoja: kiti viti, kisu visu, kirusi virusi. Lugha yetu imefanya hivi zamani. "Kitabu" ni la Kiarabu, na ile ki- ni sehemu ya mzizi wake, lakini tulipolipokea tukalitendea kama ki- yetu na kupata "vitabu". Hakuna anayelalamika leo. Kirusi cha ugonjwa kiandike kwa herufi ndogo, na Kirusi cha Moscow kwa herufi kubwa. Katika mazungumzo hakuna atakayedhani mtoto ameambukizwa lugha.

Upatanisho uwe wa ki-vi: kirusi kimeingia, virusi vimeongezeka. Wapo wanaoandika "virusi hawa", kwa hoja kwamba kinachozaliana kina uhai. Mimi siwafuati. Kirusi hakina seli yake, na nje ya seli ya kiumbe mwingine hakiwezi kujizalisha. Hata wanasayansi hubishana kama tukiite hai. Bakteria ni seli kamili, hula na kujigawa bila msaada, kwa hiyo kwangu ni "bakteria huyu, bakteria hawa". Utaona pia "bakteria hii, hizi" vitabuni. Chagua moja ubaki nayo. Kinachochosha msomaji ni bakteria anayeanza ukurasa kama huyu na kuumaliza kama hii.

Na kwa kuwa tuko hapa, usiandike "virusi vya VVU", maana VVU tayari ni Virusi vya Ukimwi. Wala "ugonjwa wa UVIKO", kwa sababu U ya mwanzo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Narudi kwenye sentensi yako ya kwanza, "Malaria husababishwa na mbu." Imeandikwa kwenye kuta nyingi, lakini imechanganya vitenzi viwili vya kazi tofauti. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Constantine nchini Algeria, aliviona vimelea kwenye damu ya mgonjwa wa malaria. Huyo alipata chenye kusababisha. Ilichukua miaka 17 mpaka daktari Ronald Ross, akiwa India mwaka 1897, akaviona vimelea ndani ya mbu. Huyo alipata mwenye kueneza. Majibu mawili, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja: kimelea husababisha, mbu hueneza. Ukiyaunganisha, msomaji atakuuliza swali la haki kabisa: mbona mbu wameniuma usiku kucha na sijaugua? Hawakuwa na vimelea, ndiyo sababu.

Majina yenyewe ya magonjwa hutuvuta kwenye mtego huu. Tunasema "homa ya papasi", na jina linamtaja mbebaji, si kisababishi. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, alionyesha kwamba papasi wa kwenye nyufa na sakafu za nyumba hubeba bakteria wa homa hiyo na hata kuwarithisha watoto wake kupitia mayai. Jina libaki lilivyo, ni zuri na limekaa. Ila ukieleza, papasi hueneza, bakteria husababisha.

Kitenzi cha tatu ni "ambukiza", nacho kinataka mtoaji na mpokeaji. Ndiyo maana "ugonjwa wa kuambukiza" ni sahihi, na kinyume chake "ugonjwa usio wa kuambukiza" kama kisukari. Lakini angalia pepopunda. Bakteria wake yumo kwenye udongo, anaingia kupitia jeraha, na mgonjwa hampi mwenzake hata wakilala kitanda kimoja. Ukiandika pepopunda "huambukizwa", ndugu wa mgonjwa watamkimbia. Andika "mtu hupata pepopunda kupitia kidonda kilichoingia uchafu." Tena "mlipuko" si jina jingine la maambukizi. Mlipuko ni wagonjwa kuongezeka kwa ghafla mahali fulani kupita kawaida, kama kipindupindu wakati wa mvua. Kifua kikuu huambukiza mwaka mzima bila kuitwa mlipuko.

Sentensi yako ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi: "ili mwili usizoee dawa." Kila mtu husema hivyo, na si kweli. Anayezoea si mwili. Sugu, katika maana yake ya asili, ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima, au alama ya paji la uso la msujuduji. Kitu kilichosuguliwa kikakomaa. Kinachokomaa dhidi ya dawa ni kijidudu: vile dhaifu hufa, vile vyenye uwezo wa kuistahimili hubaki na kuzaana. Ushahidi wake tunao nyumbani. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu haikuponya tena wengi. Fikiri mtoto wa miezi minane, hajawahi kuonja klorokwini, anapewa na haiponi homa yake. Mwili wake ungeizoea lini? Vimelea alivyoambukizwa ndivyo vilivyokuwa vimeshakomaa, ndani ya damu za watu wengine, kabla yeye hajazaliwa.

Kwa hiyo hata "usugu wa dawa" mimi huuandika kwa shingo upande, maana unaweza kusomeka kana kwamba dawa ndiyo sugu. "Usugu wa vimelea dhidi ya dawa" ni mrefu zaidi, lakini kila mmoja amekaa kwenye kiti chake.

Jambo moja hukuliuliza, lakini utakutana nalo wodini. Mgonjwa akisema "nina yutiai", yaani UTI, kifupi cha Kiingereza, ana maambukizi ya njia ya mkojo. Wewe ukiliandika kwa herufi ndogo, "mgonjwa ana uti", ndugu zake watasoma uti wa mgongo, na homa ya uti wa mgongo ni balaa la aina nyingine kabisa. Andika maneno yote matano, "maambukizi ya njia ya mkojo", hata kama nafasi ni ndogo.

Bango lako sasa ningeliandika hivi:

"Malaria husababishwa na vimelea. Mbu jike wa anofelesi huvitoa kwa mtu mmoja na kumwambukiza mwingine. Maliza dozi yote, hata ukijisikia nafuu, ili vimelea vyote vife na visipate nafasi ya kuwa sugu."

Na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, ningeongeza mstari kwa ajili ya yule mama wa kwenye benchi. Dawa ya mseto aliyopewa, kwa mtu mzima, huwa vidonge 24 kwa siku 3, vinne asubuhi na vinne jioni. Mwenye "wadudu wawili tu" ni rahisi kuishia siku ya pili. Mwandikie: "Cheti kikisema 2, damuni vimo mamilioni. Meza vyote 24."