Kopi 200 au 2000? Namna ya kuchagua njia ya kutoa CD na DVD za kwaya, harusi na kipaimara

Wadau, kila ukikaribia mwisho wa mwaka simu zinakuwa nyingi, kwaya inataka izindue albamu kabla watu hawajapanda kutoka Dar kuja kula Krismasi nyumbani, na swali la kwanza ni lilelile, eti kopi moja shilingi ngapi? Mimi bei huwa sitaji kwanza. Nauliza hizo diski zinaenda kuchezwa kwenye nini, na ni ngapi una uhakika zitatoka mkononi mwako. Ukishajibu hayo mawili njia inajichagua yenyewe, ukianza na bei utapewa chochote.

Najua kuna wa kuniambia CD zimeshakufa siku nyingi, sa hivi ni flash na simu tu. Njoo Moshi uone. Noah ngapi zinapanda Marangu na Rombo zimetoka Japani na redio yake ya kulekule, na redio za Kijapani za zamani FM yake inaanzia 76 inaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za huku haizipati kabisa, dereva anabaki na kile kitundu cha CD. Halafu kuna wazee wetu huko Mwika na Machame wana deki yao iko chini ya tivii imefunikwa kitambaa, na hawana mpango wa kuibadilisha. Mama wa aina hiyo akitoa hela yake kwenye uzinduzi anastahili DVD inayocheza mpaka wimbo wa mwisho, haya yote ninayoandika nayaandika kwa ajili yake.

Sasa njia zenyewe. Kuna kupress na kuna kubani, na watu wengi wanadhani ni kitu kimoja kwa sababu diski ikishawekwa kwenye kava zinafanana.

Kupress ni kazi ya kiwanda. Wanachukua kioo kilichopakwa dawa inayoitikia mwanga, leza inachora humo data yako yote, kutoka kwenye kile kioo wanatengeneza muhuri wa nikeli, halafu ule muhuri unafungwa kwenye mashine na plastiki ya polikaboneti iliyoyeyushwa inaminywa hapo kama tofali kwenye kalibu, diski inatoka tayari ina vishimo vyake, wanaipaka aluminiamu nyembamba sana, vanishi juu, na printi. Hizo ndo CD original za wasanii wakubwa. Hamna kitu kilichoandikwa baadaye, data imezaliwa na diski, ndo maana inasomeka karibu kila deki na inavumilia miaka.

Kubani ni tofauti. Diski inakuja tupu ina tabaka la rangi ya kemikali ndani, draivu ya kompyuta yako inaiunguza ile rangi kwa leza sehemu sehemu, na deki inasoma alama za kuungua. Inafanya kazi vizuri tu ikifanywa kwa uangalifu, ila rangi ni rangi, haipendi jua. CD ya kubani ukiiacha juu ya dashibodi ya gari pale stendi Moshi mwezi wa pili na lile jua, usitegemee itakaa miaka.

Kwa nini basi tusipress zote? Kwa sababu ya ule muhuri. Gharama ya kutengeneza kile kioo na muhuri unailipa mara moja, uwe unataka kopi moja au elfu kumi. Tuseme kwa mfano tu maandalizi ni laki nane, ukitoa kopi 200 kila moja imebeba elfu nne hata plastiki haijahesabiwa, ukitoa 2000 kila moja imebeba mia nne. Ndo maana viwanda vingi havitaki kukusikiliza chini ya kopi 500, vingine 1000. Na huku kwetu Moshi na Arusha mimi sijawahi kukutana na kiwanda cha kupress, mzigo unasafiri mbali, mara nyingi nje ya nchi kabisa, unahesabu wiki na sio siku, na ukifika kuna ushuru. Kwa hiyo kwaya inayonipigia mwezi wa kumi na moja ikitaka za kupress kwa ajili ya Krismasi nawaambia hapana, hiyo ilitakiwa ianze mwezi wa nane.

Ushauri wangu kwa kwaya nyingi za usharika ni kubani. Kopi 100, 200, hata 400, bani, tena bani kidogokidogo, toa 150 za uzinduzi ziishe ndo utoe nyingine, maana nimeona maboksi ya CD za kupress yamekaa ofisi ya usharika mpaka waimbaji wenyewe wameoa na kuhama. Kupress waende wale ambao nyimbo zao zinauzwa tayari mpaka Singida na Mwanza, wana msambazaji, na elfu moja ya kwanza ina wenyewe. Kati ya 500 na 1000 hapo kaa na kikokotoo, chukua bei za pande zote mbili uandikiwe kwenye karatasi, jumlisha usafiri, ndo uamue.

Ila ukichagua kubani ujue umechagua kazi, na hapa ndo watu wanaumizwa.

Anza na diski yenyewe. Usinunue kwa bei tu. Zile za kufungwa 50 kwenye kopo zinatofautiana sana na jina kwenye karatasi linaweza kuwa kubwa halafu ndani ni kitu kingine, bahati nzuri DVD tupu ina alama ya utambulisho ya mtengenezaji wake imeandikwa ndani na programu ya kubania kama ImgBurn inakuonyesha kabla hujabani. Nunua kopo moja kwanza, bani chache, jaribu, zikikubali rudi uchukue zote palepale zikiwa za mzigo uleule. Taiyo Yuden wa Japani, waliotutolea CD-R (CD tupu za kubani mara moja) za kwanza, waliacha kuzitengeneza 2015, kwa hiyo sa hivi uchaguzi umepungua na macho yanatakiwa yawe makali zaidi. CD-RW na DVD-RW, zile za kufuta na kuandika tena, achana nazo kabisa kwa kugawa, zinarudisha mwanga kidogo mno na deki ya zamani haizioni. DVD-R inapendwa na deki za zamani kuliko DVD+R, mimi nachukua ya alama ya kutoa. Zile za layer mbili, yaani tabaka mbili za data, za GB 8.5 pia hapana, kama video haienei kwenye GB 4.7 toa diski mbili, na hata hiyo 4.7 usiijaze mpaka ukingoni maana makosa ya kusoma yanapenda kukaa kule nje, acha nafasi kidogo.

Spidi. Diski imeandikwa 16x, yaani spidi yake ya juu ya kubani, we bani kwa 8x. CD ya 52x ibani 16x au 24x. Wengine watabisha, lakini mimi nimeshazijaribu kwenye deki zilizochoka na naziamini zaidi hivo.

Hapo sasa piga hesabu ya muda. DVD iliyojaa kwa 8x inakula kama dakika 8, na kuihakiki inakaribia hizohizo, sema robo saa. Kopi 300 kwa laptop moja ni masaa 75, utaichosha laptop na wewe mwenyewe utaanza kuruka kuhakiki. Ile mashine ya kukopi yenye draivu nyingi zimepangwa juu kwa juu, dupliketa, ukipata ya draivu 7 kazi hiyohiyo inaisha kwenye masaa 11. Tafuta mtu mwenye nayo, na ikiwa ina hadi diski (hard disk) ndani ni nzuri zaidi kwa sababu masta, ile diski ya kwanza unayokopia, inapakiwa mara moja tu haisomwi upya kila raundi. Hakikisha iko kwenye UPS, lile betri la akiba umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati, diski zote saba zilizokuwa ndani ni za kutupa, na CD-R haiandikwi mara mbili.

Kuhakiki usiruke, nasema tena, usiruke. Kuna kitufe cha kulinganisha kopi na masta, kitumie hata kama mwenyekiti wa kwaya amekaa mlangoni anasubiri. Halafu chomoa moja kila fungu ukaicheze kwenye deki, na nina maana deki mbovu, ya zamani, iliyokaa na vumbi, na kwenye redio ya gari. Icheze mwisho wa diski, mwanzo hauna shida kamwe.

Kwa CD ya nyimbo toa CD ya muziki ya kawaida, ile ya dakika 80, usiweke faili za MP3 eti ziingie nyimbo nyingi, redio nyingi za gari za zamani haziijui MP3. Na mwisho wa kubani diski lazima ifungwe kwenye programu (finalize), ukiiacha wazi kompyuta itaisoma vizuri tu na deki itakataa, utabaki unashangaa.

Kwa DVD kuna kitu kinasahaulika sana huku kwetu. Kuna mifumo miwili ya picha ya tivii, Tanzania tunatumia PAL, Japani wanatumia NTSC, na tivii za kwenye zile gari nyingi zinaelewa NTSC peke yake. Deki nyingi za nyumbani zinazouzwa huku zinasoma zote mbili. Kwa hiyo kama wateja wako ni wenye magari fikiria kutoa NTSC, ila jaribu kwanza kwenye deki za nyumbani. Na ukipeleka kiwandani wakikuuliza rijeni, yaani eneo la dunia ambalo diski itaruhusiwa kucheza, waambie zote, maana Tanzania iko rijeni 5 na Japani 2, usijifungie mlango mwenyewe.

Sasa stika. Naomba kwa dhati, msibandike stika za karatasi kwenye DVD. Diski inazunguka kwa kasi, karatasi ikikaa upande kidogo inayumba, joto la ndani ya gari linalegeza gundi, ukingo unabanduka na diski inakwama ndani ya redio ya mtu, redio za kumeza ndo balaa zaidi, mpaka fundi aifungue. Nunua diski zenye uso mweupe wa kuprintia, na printa za Epson kama L805 zinaprinti moja kwa moja juu ya diski. Wino wake hauvumilii maji, kwa hiyo kausha vizuri kabla ya kuweka kwenye kava. Kama hela haitoshi, makapeni isiyokwaruza inatosha kabisa, andika kwa mkono. Peni ya kawaida hapana, hasa kwenye CD, kwa sababu data ya CD iko chini ya vanishi upande huohuo wa maandishi, ukikwaruza juu umeua wimbo. DVD ina plastiki pande zote mbili, data iko katikati, inavumilia kidogo.

Ukimpa mtu kazi dukani, iwe mitaa ya Double Road hapa Moshi au Kaloleni kule Arusha, muulize diski gani, spidi gani, anahakiki au hahakiki. Akikuambia dada usijali zote zinacheza, mwambie unataka kuona moja inacheza. Lipa nusu, nusu nyingine ukishazijaribu chache ulizochomoa mwenyewe katikati ya rundo.

Flash? Kwa harusi na kipaimara mara nyingi ni nzuri kuliko DVD, familia inachomeka kwenye sabufa au tivii basi. Angalia tu faili moja isizidi GB 4 kwa sababu flash nyingi ziko FAT32, mpangilio wa faili usiokubali kubwa zaidi ya hapo, na mwambie mwenye harusi ahamishe video kwenye kompyuta mapema maana watoto wanafuta waweke katuni. Kwa kuuza nyimbo kwenye mavuno au uzinduzi bado nasimama na CD, haifutiki, na ina kava yenye picha ya kwaya.

Kama mnauza, malizeni mambo ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na stempu za TRA kabla diski hazijatoka, bidhaa za muziki na filamu zilianza kutakiwa kuwa na stempu tangu 2013. Na nyimbo za watu wengine mlizorekodi, ombeni ruhusa kwa waliozitunga, wengi wako hapahapa dayosisi na wanafurahi kuulizwa.

Masta yenyewe msiiache kwa mtu wa kukopi. Wekeni faili kamili kwenye hadi diski mbili sehemu mbili, moja ofisi ya usharika na nyingine kwa katibu, pamoja na picha ya kava, kwa sababu mwaka kesho kuna mtu wa Dar atataka kopi 50 za albamu ya zamani na kukopi kutoka kwenye DVD iliyokwaruzika ni kuwapa watu makosa yaliyozaana.