Kutoka Mgodini Hadi Maktaba: Maswali Yenu Kuhusu Chester Beatty

Maswali kutoka Tanga na Bagamoyo yamemhusu Alfred Chester Beatty, mhandisi wa migodi aliyekuja kuwa mfadhili wa migodi, kisha akaacha maktaba kubwa Dublin. Tunajibu manne.

Mwanangu anasomea uhandisi wa migodi. Huyu Beatty alianzia wapi? (Mama, Chumbageni)

Alianzia kwenye koleo, mama. Alizaliwa New York mwaka 1875, akahitimu shule ya migodi ya Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1898, akaenda Colorado kuzoa kifusi handakini. Mwaka 1903 akaingia kampuni ya ukoo wa Guggenheim, kazi yake kukagua migodi na kusema upi ununuliwe, upi uachwe. Ufadhili wake ulizaliwa humo. Kijana naye atafute kwanza kazi ya sampuli na ramani. Ya benki itamfuata. Na ajilinde: vumbi la mwamba lilimharibu Beatty mapafu. Uchorongaji uwe wa maji, na kitambaa cha puani kisihesabiwe kuwa kinga.

Tuna mshipa wa dhahabu Handeni, mwenye mtaji anataka makadirio. Tufanyeje? (Kikundi cha wachimbaji)

Msimwokotee mawe yanayong'aa. Hilo ndilo kosa kubwa, na mkaguzi mzoefu hulinusa mapema. Osheni uso wa mwamba, kisha kila mita 2 chongeni mfereji wa upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 3, ukikatiza mshipa toka ukuta hadi ukuta. Vipande vyote vidondokee kwenye turubai safi. Pondeni, changanyeni, lundikeni, gawanyeni mafungu manne. Mawili yanayokabiliana yatupwe, mawili yabaki. Fungeni mfuko kwa lakiri, na kila sampuli 20 pachikeni moja ya jiwe tupu, lisilo na dhahabu: maabara ikiiona dhahabu humo, majibu yote yana shaka.

Kisha hesabu. Mshipa wa mita 60, kina mita 30, unene nusu mita ni meta za ujazo 900; zidisha kwa 2.7, yaani tani za mwamba katika kila meta ya ujazo, mpate tani 2,430. Ikiwa ni gramu 6 kwa tani, mna kilo 14.58 ardhini. Ardhini, si mkononi: kukamata dhahabu kwa zebaki mara nyingi hakutoi hata nusu. Mwandikieni na hilo, pamoja na namba ya leseni yenu.

Ni kweli utajiri wake ulitoka Afrika? (Bagamoyo)

Sehemu kubwa, ndiyo. Kampuni yake, Selection Trust, aliianzisha London mwaka 1914. Huko Zambia ya leo, shaba ya juu ya ardhi ilikuwa ngumu kuchenjua. Yeye akagharamia uchorongaji wa kina, ikaonekana mbale ya salfaidi, yaani mawe yenye shaba iliyoungana na salfa, ambayo ikisagwa hupanda na povu majini. Ndiyo migodi ya Roan Antelope na Mufulira. Bei ilipoanguka mwaka 1931, Mufulira ulisimama. Jasho la wachimbaji Waafrika limo katika utajiri ule, na haki yao isisahaulike tunapomsifu.

Misahafu yake ilifikaje Dublin, na sisi tunaweza kuhifadhi yetu? (Mzee, Ngamiani)

Shikamoo mzee. Alianza kuinunua Cairo, baadaye akaihamishia Dublin. Miongoni mwake umo ulioandikwa na Ibn al-Bawwab, Baghdad, mwaka 391 Hijria. Alipofariki mwaka 1968 mkusanyo ulibaki chini ya wadhamini kwa faida ya umma, na kuingia ni bure.

Nanyi wekeni wakfu kwa maandishi, wadhamini wasajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, kila kitabu kipewe namba na picha. Kisha tengeni mali yenye pato, nyumba ya kupangisha au shamba la minazi: mali isiuzwe, pato ndilo lilipe mlinzi, umeme na dawa ya mchwa. Vitabu vingi vya pwani vimeliwa na unyevu kwa kukosa pato hilo.