Usisubiri kipimo kikuchagulie dawa ya ADHD ya mwanao

Mtoto akiwa na ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na kuhangaika kupita kiasi, kisha daktari akisema "tuanze na hii kisha tuone," roho ya mzazi haitulii. Mimi nilitaka jibu kabla ya kidonge cha kwanza: hakuna kipimo cha damu, cha mate au cha ubongo kitakachosema dawa ipi itamfaa mwanangu? Nimesoma na kuuliza hadi nikajulikana kwa maswali. Jibu fupi: bado hakuna.

Anza na mawimbi ya ubongo, maana hayo ndiyo yanayonadiwa sana. Mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu kifaa kinachopima uwiano wa mawimbi ya theta na beta kimsaidie daktari katika utambuzi wa ADHD. Utambuzi, si kuchagua dawa. Na hata huko kwenye utambuzi, mwaka 2016 madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa nchi hiyohiyo walitahadharisha kwamba kisichukue nafasi ya uchunguzi wa kawaida.

Kwenye jeni kuna utamu zaidi. Methilifenideti, mojawapo ya dawa za ADHD zinazoitwa vichangamshi, hufanya kazi kwa kuzuia kisafirishi cha dopamini, yaani protini inayoirudisha kemikali hiyo ya ubongo ndani ya seli, kwa hiyo wengi walitegemea jeni ya kisafirishi hicho itoe jibu. Wapi! Utafiti mmoja unaona uhusiano, mwingine hauoni, na ukionekana ni mdogo mno kumwamulia mtoto mmoja aliyeketi mbele yako.

Ila kuna mahali jeni zina kazi ya kweli, nako ni kwenye atomoksetini, dawa ya ADHD isiyo kichangamshi. Dawa hii huvunjwa na kimeng'enya cha ini kinachoitwa CYP2D6. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, kama 7 katika 100 wana kimeng'enya hicho kisichofanya kazi, na kwa dozi ileile dawa hujaa katika damu yao takriban mara 10 kuliko kwa wengine. Daktari akijua hilo, ataongeza dozi taratibu. Fluoksetini na paroksetini, ambazo ni dawa za sonona, nazo hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo mtajie dawa zote anazotumia mtoto. Lakini angalia: hapa tunazungumzia dozi na madhara. Hakuna anayekuahidi kwamba mtoto atamaliza hesabu zake.

Kinachobaki ni kujaribu, ila kujaribu kwa mpango. Takriban watoto 7 kati ya 10 hupata nafuu kwa kichangamshi cha kwanza wanachopewa, na baadhi ya wanaobaki hupata kwa kichangamshi cha aina nyingine. Methilifenideti ya muda mfupi huanza kazi ndani ya saa moja na kuisha baada ya saa tatu au nne, hivyo hakuna haja ya kungoja miezi. Atomoksetini inataka subira ya wiki kadhaa, usiihukumu mapema.

Daftari langu lilikuwa na safu chache: saa ya kidonge, alichokula, saa aliyolala, neno la mwalimu. Humo ndimo nilipoona kwamba kilio cha jioni, kilio cha penseli iliyovunjika, kilikuja kila mara dawa inapoisha, na kwamba chakula cha mchana kilirudi nyumbani hakijaguswa. Daktari alibadilisha muda wa dozi kwa kusoma ukurasa ule. Mwombe mwalimu aandike kabla dawa haijaanza pia, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha. Wala usishangae mtoto mdogo kwa umbo akihitaji dozi kubwa kuliko mwenzake mnene. Uzito hautabiri vizuri dozi ya methilifenideti.

Anayekuuzia kipimo muulize swali moja: majibu yakitoka, cheti cha dawa kitabadilika vipi? Vipimo vya kudai ni vya kawaida kabisa: uzito, urefu, shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kabla ya kidonge cha kwanza na kila mnaporudi kliniki. Na kama katika ukoo kuna aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana, au mtoto amewahi kuzimia akicheza, lisemeni hilo hata msipoulizwa.