Maswali ya wasomaji: Namba ya mchezaji kadi inapatikana wapi?

SWALI: Habari za kazi. Naishi Nyegezi, kijana wangu wa kati ana miaka 11 na kwake hakuna kitu kingine zaidi ya kadi za Pokémon, jumamosi wanakaa barazani na wenzake mpaka giza linaingia. Desemba tunaenda Uingereza kwa shangazi yake na jirani na kwao kuna duka la kadi wanafanya mashindano madogo, wifi yangu akaenda kuulizia wakamwambia mtoto aje na namba yake ya mchezaji. Sasa hio namba ndo nini, na mimi niko huku Mwanza naipataje? – Mama wa Nyegezi

JIBU: Dada yangu, umefanya vizuri kuuliza mapema, maana wengi wanakumbuka siku ya shindano foleni ishakuwa ndefu na mtoto kashaanza kulia.

Pokémon wana mpango wao rasmi wa mashindano unaitwa Play! Pokémon, na kila anaecheza humo anakuwa na namba yake. Mwandaaji siku hio anafungua programu kwenye kompyuta anaingiza jina, namba na tarehe ya kuzaliwa, programu ndo inapanga nani akae na nani, alafu jioni matokeo yanatumwa yakiwa yamefungwa kwenye zile namba. Kwahiyo namba ikikosewa tarakimu moja tu ushindi wa mwanao unaweza kwenda kwa mtoto wa mtu mwingine kabisa. Namba ni ya mtu, sio ya duka, hio hio atakayocheza nayo Uingereza ndo atacheza nayo kokote atakapoenda maishani.

Kuipata huhitaji kusubiri mpaka mfike huko. Ingia tovuti rasmi ya Pokémon ufungue akaunti, na kwasababu mtoto ni mdogo inaanza akaunti yako wewe mzazi, kwa imeili yako wewe, sio ya fundi simu na sio ya binamu yake aliyeko chuo ambae mwakani hapatikani. Ukishaingia ndo unamuongeza mtoto chini yako, unaenda kwenye sehemu ya Play! Pokémon, unasoma masharti unakubali kwa niaba yake, na namba inatokea kwenye wasifu wake. Hakuna malipo hata shilingi. Piga picha ya skrini na bado iandike kwenye karatasi uweke pamoja na pasi zenu, simu inaweza kuisha chaji.

Ila ngoja niseme kitu ambacho kwangu ndo kikubwa kuliko vyote, TAREHE YA KUZALIWA. Huku kwetu tumezoea kujaza mwaka wowote ili mtandao uturuhusu kupita, mtoto anajikuta kazaliwa tarehe 1 Januari 1990. Kwenye mchezo huu wachezaji wanagawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, wadogo wako Junior, wanaofuata Senior, wakubwa Masters. Ukidanganya mwaka mwanao ataandikwa na watu wazima wenye familia zao, na hata akicheza vizuri vipi matokeo yake yatahesabiwa huko huko. Jaza kama ilivyo kwenye pasi, jina pia lifanane na la kwenye pasi. Na kama alishawahi kupewa namba siku za nyuma tumieni ileile, ukiwa na namba mbili matokeo yanagawanyika.

Alafu kadi zenyewe dada. Namba haisaidii kama kadi ni feki, na zile za plastiki zinazong'aa dhahabu tupu zinazouzwa kwenye meza za midoli mjini ni feki, mtoto asizibebe kwenda kwenye shindano, atakataliwa na ataumia bure. Anatakiwa awe na kadi 60 kamili, zisizidi 4 zenye jina moja isipokuwa enaji za kawaida (kadi za nishati), na kwenye mashindano ya Standard, yaani utaratibu unaoruhusu kadi za karibuni tu, kuna herufi ndogo chini kwenye kona ya kadi inayoonyesha kama bado inaruhusiwa. Mwambie wifi aulize dukani wanacheza utaratibu gani na herufi zipi. Mkikuta za barazani hazifai, mazoezi anaweza kuyafanya kwenye Pokémon TCG Live, ni gemu ya bure ya simu na anaingilia akaunti ileile, ila ipakueni mahali penye waifai maana bando la kawaida litalia.

SWALI: Mambo vipi. Nasoma SAUT, braza wangu kaniachia boksi la kadi za Magic na kikaratasi kimeandikwa namba ya DCI, naweza kuitumia hio? – Kijana wa Malimbe

JIBU: Hapana mdogo wangu, na hata ingekuwa inafanya kazi ingekuwa ni ya braza, sio yako. DCI, chombo kilichokuwa kinasimamia mashindano ya Magic, ilianza 1993, mwaka uleule mchezo huo wa kadi alioubuni Richard Garfield ulipotoka kule Marekani, na kwa miaka mingi ulikuwa huwezi kukaa mezani kwenye mashindano bila ile namba. Mwaka 2020 waliachana nayo. Siku hizi unafungua akaunti ya Wizards, kampuni inayotengeneza Magic, kwa imeili yako, lazima uwe umetimiza miaka 13, unapakua programu ya Companion kwenye simu, na mwandaaji wa shindano anawapa msimbo (code) mnaingiza wote mnajikuta mko ndani. Kikaratasi kitunze tu kama kumbukumbu ya braza.

Ila boksi usilidharau! Kadi za zamani nyingi bado zinaruhusiwa kwenye Commander, aina mojawapo ya kucheza Magic, pale kila mtu anakuwa na kadi 100 bila kurudia kadi isipokuwa ardhi za kawaida, mnakaa hata wanne meza moja na mkicheza wenyewe hosteli hamhitaji namba wala akaunti. Tafuta watatu hapo Malimbe muanze wiki hii hii, mimi naamini kabisa mchezo unakua kwa watu kukaa pamoja kwanza, usajili unafuata.

SWALI: Sisi tunacheza Yu-Gi-Oh huku Igoma, kuna jamaa anasema anatengeneza namba za mashindano kwa elfu 15 kila mmoja, tumeshampa imeili zetu. Ni sawa? – Vijana wa Igoma

JIBU: Sio sawa, msimpe hela. Namba ya Yu-Gi-Oh zamani iliitwa COSSY, sa hivi inaitwa CARD GAME ID, ina tarakimu 10 na Konami, kampuni yenye mchezo huo wa kadi, wanaitoa bure. Huyo jamaa anauza kitu ambacho kila mmoja wenu anaweza kujifanyia mwenyewe na simu yake, na kibaya zaidi akaunti ikiwa kwenye imeili na nywila anayoijua yeye basi mwenye akaunti ni yeye. Kama alishawafungulia, ingieni leo mbadilishe nywila, ya akaunti na ya imeili zote mbili. Akigoma kuwapa muachieni hio akaunti yake na mfungue zenu mpya kabla hamjacheza shindano hata moja, maana kwa sasa hakuna matokeo yoyote mtakayopoteza.