Uchaguzi wa Marekani: nani anapanga, jimbo au serikali kuu?

Swali: Wakili, habari za kazi. Mwaka 2024 nilihama Minneapolis kuja Houston katikati ya Oktoba. Minnesota mtu anajiandikisha siku ileile ya kupiga kura. Huku niliambiwa muda umeshapita, nikabaki bila kumchagua rais. Kwani rais si mmoja? Nani anapanga mambo haya, na kulikuwa na njia yoyote?
– Msomaji, Houston

Jibu: Ndugu yangu, njia ilikuwepo, na inaniuma kwamba hukuambiwa. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, ilivyorekebishwa 1970, inamlinda mtu kama wewe. Ukihamia jimbo jipya zikiwa zimebaki chini ya siku 30 kabla ya uchaguzi wa rais, na kwa sababu hiyo ukashindwa kujiandikisha, jimbo ulikotoka lazima likuruhusu kumpigia kura rais na makamu wake, kwa kwenda mwenyewe au kwa posta, mradi ulikuwa na sifa za kupiga kura kule. Ni rais tu. Seneta na mbunge hapana.

Sasa nani anapanga. Katiba, Ibara ya 1, kifungu cha 4, inalipa bunge la kila jimbo kazi ya kuweka muda, mahali na namna ya kuwachagua wabunge na maseneta, kisha inaongeza kwamba Kongresi, yaani bunge la nchi nzima, inaweza wakati wowote kubadilisha kanuni hizo kwa sheria. Kwa rais, Ibara ya 2 inaliachia jimbo liamue namna ya kuwapata wajumbe wake wanaomchagua; Kongresi hupanga siku. Ndiyo maana hakuna tume moja ya taifa. Ile tume ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, unayoisikia kwenye habari inasimamia fedha za kampeni, haihesabu kura.

Kongresi hutumia nguvu yake kwa vipande. Sheria ya 1993 inasema jimbo halitafunga uandikishaji mapema kuliko siku 30 kabla ya uchaguzi wa shirikisho. Texas, jimbo lako la sasa, inazichukua zote 30. Minnesota haimo kabisa katika sheria hiyo, kwa kuwa ilikuwa tayari inaandikisha watu siku ya uchaguzi. Kwa hiyo majimbo yote mawili yako ndani ya sheria, na anayeumia ni aliyehama. Mimi naona Kongresi imewaachia majimbo mno hapo.

Hata ofisi hazifanani. Hapo Houston, kaunti ya Harris, anayekuandikisha ni mkusanya kodi wa kaunti. Karani wa kaunti ndiye anayeendesha upigaji kura. Ukifika kituoni Texas wanataka kitambulisho chenye picha: leseni ya kubeba bastola inakubalika, kitambulisho cha mwanafunzi hakikubaliki. Minnesota aliyekwisha kuandikishwa haombwi kitu.

Pale sheria ya Kongresi na ya jimbo zinapogongana kuhusu uchaguzi wa shirikisho, ya jimbo inaanguka. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliizuia Arizona kudai hati ya uraia kwa anayejiandikisha kwa fomu ya shirikisho, kwa kuwa fomu ile inatosheka na kiapo. Na rais mwenyewe? Katiba haikumpa kazi ya kupanga kanuni hizi. Machi 2025 Rais Trump alitoa amri ya kutaka hati ya uraia iwekwe kwenye fomu hiyo, mahakama zikaizuia.

Kwa Mtanzania, mfano ulio karibu ni Zanzibar, yenye tume yake kwa uchaguzi wake. Tofauti ni kwamba Marekani hata rais wa nchi nzima huchaguliwa kwa mashine, karatasi na maofisa wa majimbo na kaunti.

Ukihama tena karibu na uchaguzi wa 2028, iandikie kaunti ya zamani mara moja, taja sheria ya 1965 na marekebisho yake ya 1970, uombe karatasi ya kura ya rais peke yake, mapema, ili irudi kabla ya siku yenyewe.