Fimbo Fupi kwa Vijito vya Msituni: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mhariri mheshimiwa, assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, na tangu utotoni nimevua tewa na changu kwa mshipi wa mkono kando ya miamba. Mwaka jana kazi ilinipeleka Nyeri, ambako mzee mmoja, jirani yangu, alinifundisha kuvua trauti bwawani kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu. Sasa ninatamani kuingia kwenye vijito vya msitu wa Mlima Kenya, ambavyo nimeviona kuwa vyembamba, upana wa hatua tatu au nne, na vimefunikwa na miti. Fimbo niliyo nayo ni ya futi 9 na mshipi wake ni namba 8, kwa kuwa niliinunua nikikusudia kolekole. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue ya futi 6, akisema kuwa kijito kidogo huhitaji fimbo ndogo. Je, ni kweli? — Msomaji, Likoni.

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yetu. Muuzaji huyo amekuambia nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayokuharibia siku ukishafika mtoni. Usipime fimbo kwa upana wa kijito. Ipime kwa kimo cha matawi yaliyo juu ya maji. Mvuvi wa kijito cha msituni husimama ndani ya maji, akielekea juu mkondo unakotoka, kwa sababu trauti naye huelekea huko huko akisubiri chakula kiletwe na maji, na ukimjia kwa nyuma hakuoni upesi. Ukisimama hivyo, nafasi pekee iliyo wazi mbele yako na nyuma yako ni njia ya kijito chenyewe, mfano wa ushoroba wa Mji wa Kale wenye kuta za majani na dari la matawi. Mshipi utapita ndani ya ushoroba huo ukienda nyuma na mbele, kwa hiyo upana wa hatua tatu unakutosha. Kinachokuzuia ni dari.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, nenda kwenye kijito unachokusudia kukivua ukiwa na ufito mwepesi uliokatwa kwa urefu wa mita 2.13, yaani futi 7, usimame katika sehemu tano au sita ambazo ungependa kuvua, kisha uupunge kama unavyopunga fimbo. Ukigonga matawi karibu kila mara, futi 6 na nusu au hata 6 itakufaa. Ukigonga mara moja moja tu, chukua futi 7 au 7 na nusu, na usishuke chini ya hapo. Ukiona kwamba vichaka vimesongamana kando lakini mbingu iko wazi juu yako, fimbo fupi haikufai hata kidogo. Hapo fimbo ndefu ndiyo itakayokupa uwezo wa kufika juu ya kichaka na kuuinua mshipi usiguse maji. Wajapani wanaovua mito ya milimani kwa mtindo wa tenkara hutumia fimbo zisizokuwa na rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, nyingi zikiwa na urefu wa mita 3.3 hadi 3.9, na wanavua mito midogo kwelikweli. Urefu wao una hekima yake, mradi dari liwepo mbali.

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kununua fimbo ya futi 6 kwa ushauri kama huo. Niliipeleka kwenye kijito kinachoingia katika mto Thego, na kweli haikugusa tawi hata moja siku nzima. Lakini kila nilipotupa nzi ng'ambo ya mkondo wenye nguvu, maji yaliukamata mshipi na kumburuta nzi kama mashua iliyokatika kamba, na trauti hamgusi mdudu anayekwenda kinyume na maji. Kwa fimbo ya futi 7 na nusu ningeweza kuinua mkono na kuuweka mshipi wote hewani, juu ya mkondo ule. Inchi 18 zinaonekana kidogo dukani; mtoni ndizo zinazoamua kama utakula samaki au utarudi na hadithi. Ikiwa unanunua fimbo moja tu ya vijito vya aina mbalimbali, basi nunua ya futi 7, na hutajuta.

Tuje kwenye namba ya mshipi, jambo ambalo wauzaji hulipita haraka ingawa ndilo lenye uzito kuliko yote. Namba hizo ni kipimo cha uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani mita 9.14. Namba 3 ina gramu 6.5, namba 4 ina gramu 7.8, na namba 8 uliyo nayo ina gramu 13.6, zaidi ya maradufu ya namba 3. Uzito huo ndio unaoipinda fimbo, na kupinda ndiko kunakorusha, maana nzi bandia hana uzito wa kujirusha kama chubwi. Sasa fikiria kijito chako. Trauti yuko mita 5 kutoka kwenye ncha ya fimbo. Katika mita hizo 5, nusu ni ule uzi mwembamba wa mbele unaofungwa nzi, ambao hauna uzito wa kuhesabiwa, na nusu iliyobaki, mita 2 na nusu, ndiyo mshipi wenyewe. Mshipi namba 3 wa kiasi hicho una uzito usiofika gramu 2, na pengine hupungua zaidi, kwa kuwa mishipi mingi huwa myembamba mwanzoni. Fimbo iliyoundwa ipinde kwa gramu 6.5 itabaki imenyooka kama mlingoti, nawe utajikuta ukitupa kwa nguvu za bega mpaka mshipi uanguke kwa kishindo na kumfukuza kila samaki.

Wavuvi wengi hujaribu kutibu tatizo hilo kwa kupandisha namba moja, wakatia mshipi namba 4 kwenye fimbo ya namba 3. Si vibaya, lakini piga hesabu: katika mita 2 na nusu, tofauti kati ya namba 3 na namba 4 ni takriban theluthi moja ya gramu. Dawa yenyewe ni ulaini wa fimbo. Tafuta fimbo inayopinda mwili mzima hadi karibu na mshiko, si ile inayopinda nchani tu. Mwombe muuzaji akuruhusu utoke nayo nje ya duka, utie rili na mshipi, utoe mita 3 tu za mshipi mbele ya ncha, kisha uipunge taratibu. Usipoisikia fimbo ikijikunja ndani ya kiganja chako, irudishe, hata kama imeandikwa maneno mazuri namna gani.

Kwa ulaini huo, mimi napenda faiba, ile ile mnayoiona kwenye boti zetu, iliyosokotwa kuwa bomba jembamba. Watu wameidharau tangu kaboni ilipoingia, kwa kuwa kaboni ni nyepesi zaidi na hurusha mbali, lakini katika kijito hakuna mbali pa kurusha. Faiba hupinda kwa uzito mdogo, na hustahimili kugongwa matawini na kwenye mawe kuliko kaboni. Fimbo za mwanzi uliopasuliwa na kugandishwa vipande sita ni nzuri mno kuzishika, ila bei yake ni kubwa na zinahitaji matunzo ambayo hewa ya pwani hairahisishi. Namba 3 ya faiba, futi 7, ikiwa ya vipande vinne ili kila kipande kisizidi sana sentimita 55, itaingia ndani ya begi lako la safari na kupanda treni nawe hadi Nairobi bila mtu kujua kuwa umebeba fimbo.

Ukishaipata, fupisha uzi wa mbele uwe wa mita 2 hivi, na ujifunze mrusho wa upinde na mshale, kwa kuwa utautumia kuliko mwingine wowote. Shika nzi kwa vidole viwili kwenye mpindo wa ndoana, ncha ikiwa imeelekea mbali na mkono, vuta mpaka fimbo ijikunje kama upinde, lenga pengo lililo kati ya matawi, kisha achia. Kabla ya hapo, bana kwa koleo ule mwiba mdogo ulio karibu na ncha ya ndoana. Ukijichoma, itatoka kwa urahisi, na samaki mdogo utamrudisha majini bila kumchana.

Nina ombi moja, ndugu yangu, nalo natoka nalo moyoni. Usibebe panga. Nimeona sehemu za vijito zilizofyekwa na wavuvi ili wapate nafasi ya kurushia, na sehemu hizo hazina samaki tena. Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Waliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven huko Scotland na kutiwa katika mto Gura wa milima ya Aberdare, na tangu hapo wamedumu kwa sababu maji ya juu ni baridi. Yakipita nyuzi 20 za selsiasi huanza kutaabika. Matawi yanayokuudhi ndiyo kivuli chao, na wadudu wanaodondoka kutoka kwenye majani ni riziki yao. Chukua leseni ya uvuvi kabla ya kwenda, na ndani ya msitu usitembee bila askari wa wanyamapori, kwa maana nyati na ndovu hunywa maji pale pale unapovua.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 12 na mjomba wake wa Nanyuki amemuahidi kumpeleka mtoni likizo ya Agosti. Nataka kumnunulia fimbo fupi kwa kuwa naye ni mfupi. Niko sahihi? — Mama, Kibokoni.

JIBU: Mama yetu, nia yako ni njema, lakini fimbo fupi sana ni ngumu kujifunzia, kwa sababu haifichi makosa na humtaka mrushaji awe na kipimo cha wakati ambacho mwanafunzi bado hana. Mnunulie ya futi 7 na nusu au 8, laini, namba 4, na ajifunze hapa hapa Mombasa kwenye kiwanja chenye nyasi, akifunga kipande cha uzi wa sufi rangi nyekundu mahali pa ndoana. Robo saa kila jioni kwa majuma matatu itamfaa kuliko siku nzima moja. Mvishe kofia na miwani hata asipokuwa na ndoana, ili azoee.

SWALI: Je, fimbo hiyo fupi naweza kuitumia katika mikoko ya hori la Mtwapa? — Msomaji, Shanzu.

JIBU: Kwa mazoezi, ndiyo, na hakuna mahali pazuri zaidi karibu nasi: maji yakipwa, ingia katika mlango wa mikoko ulio mwembamba, funga uzi wa sufi, na utajifunza kurusha chini ya matawi kama vile uko msituni. Kwa kuvua, hapana. Kolekole wa kiasi tu atauchukua mshipi namba 3 na kuuzungusha kwenye mizizi kabla hujamgeuza kichwa. Na ukitoka humo, osha fimbo na rili kwa maji matamu, uzifute, kisha uziache kivulini zikauke kabisa kabla ya kuzitia ndani ya ala, kwa kuwa chumvi iliyofungiwa na unyevu hula pete za fimbo kwa muda mfupi sana.