Maswali ya Wasomaji: Mgeni Tusiyemjua

SWALI: Nahudumu mlangoni kanisani kwetu, Unguja mjini. Jumapili huja watu tusiowajua, wengine ndio kwanza wameshuka boti pale Malindi: nguo chafu, nywele timtim, begi mgongoni. Wenzangu wanataka wakae nyuma mpaka tuwajue. Tuwapokeeje bila kuhatarisha waumini?

JIBU: Ndugu yetu, hilo la "wakae nyuma mpaka tuwajue" ndilo Yakobo analolikemea katika sura ya 2, mstari wa 1 hadi 4: mwenye pete ya dhahabu anaonyeshwa mahali pazuri, maskini anaambiwa simama pale. Tena macho hudanganya hata watu wa Mungu. Samweli, nabii mzima, alimwona Eliabu na kimo chake akadhani ndiye mpakwa mafuta.

Anzeni na salamu, maana ubaguzi huanzia hapo. Mzee mwenye suti hupewa shikamoo kabla hajafika mlangoni, mzee wa rika lilelile mwenye kandambili zilizofungwa kwa waya huulizwa, "Unamtafuta nani?" Mpeni naye shikamoo yake. Mwambieni majina yenu kwanza, kisha ndipo muulize lake. Kabila, dhehebu na kilichomleta si maswali ya mlangoni.

Mketisheni katikati ya kanisa, pembeni mwa benchi, jirani na muumini mtulivu atakayemfungulia kitabu cha nyimbo. Msimsimamishe ajitambulishe mbele ya watu. Mwenye shati lenye jasho la safari hulionea aibu hilo kuliko njaa yenyewe.

Usalama tunaukubali, ila uwe wa utaratibu, usiwe wa sura. Mkikagua mabegi, kagueni yote, hata la mwenyekiti wa kwaya. Sadaka zihesabiwe na watu wawili au zaidi, chumba kimefungwa. Mwizi naye anajua kupiga pasi. Akija mtu amelewa, mmoja wenu akae naye karibu na mlango wa pembeni. Akianza kelele, atolewe kwa upole na apewe maji, wala asikokotwe.

Baada ya ibada mpeni chai ya tangawizi na boflo. Mwenye njaa ya siku nyingi aanze na uji mwepesi, kidogo kidogo, kwani tumbo lililokaa tupu likishindiliwa hutapika. Ikiwa ni Ramadhani, ale ndani, si barazani, kwa heshima ya majirani wanaofunga. Maji ya kuoga, sabuni na shati safi aulizwe faraghani kama anavihitaji. Akiwa Muislamu, msaada ni uleule, bila masharti na bila mahubiri ya kumvizia akiwa na kikombe mkononi. Asiye na pa kulala, nendeni naye wawili kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yenu, ajulikane yupo na yu kwa nani. Wengi huiruka hatua hii, kisha likitokea jambo mgeni huwa wa kwanza kushukiwa.

SWALI: Mtu nisiyemjua alinijia nyumbani, Wete, akaniomba nauli ya kurudi Unguja. Nitajuaje kama asemayo ni kweli? Mimi ni mwanamke, naishi na watoto tu.

JIBU: Dada, kwa kumtazama usoni hutajua. Mfuate yule Msamaria wa Luka 10. Alimfunga majeruhi vidonda, akampeleka nyumba ya wageni, na dinari mbili (ujira wa kibarua wa siku mbili) akamkabidhi mwenye nyumba, si majeruhi. Nawe lipa penye huduma. Mkaribishe barazani, mlango wazi, mpe maji na chakula, umwite jirani au mzee wa kanisa. Mkakate tiketi pamoja kwa jina la msafiri mwenyewe, naye apewe tiketi hiyo boti inapokaribia kuondoka. Tiketi ya kukaa mfukoni siku tatu ni rahisi kuuzwa. Nauli ikikushinda, mchangie pamoja kanisani badala ya kukopa. Asitake tiketi, akashikilia apewe fedha mkononi? Mwambie waziwazi kwamba fedha huna, umfungie chakula cha njiani, na usimtangaze mtaani kuwa tapeli.